Usiku ule wa tela la mbolea

Ilikuwa 2013 mwezi wa nne, masika imeshika kwelikweli Dar, mimi ndo kwanza nina miezi mitatu ya utingo. Dereva wangu nilikuwa namuita Mzee, mtu wa miaka hamsini na kitu, njia ya Tunduma ameipiga tangu ujana wake. Usiku ule tukaambiwa twende yadi moja kule Kurasini tukavae, yani tukaunge kwenye gari letu, tela lililoachwa na gari lingine, lina mbolea ya kwenda Zambia, mifuko 600 ya kilo hamsini hamsini, yani tani 30 zimekaa tu gizani zinatusubiri.

Mzee hakuwa mtu wa kufika na kurudi rivasi tu. Alizima gari, akachukua tochi akanipa, akasema dogo zunguka kwanza. Tukaanza na matairi, nati moja moja, nayeye anagonga tairi kwa spana anasikiliza. Akaniuliza mbona hakuna mawe kwenye tairi za tela? Nikamjibu si breki imejikaza yenyewe Mzee. Akasema matela mengine ya zamani hayana springi ya kukaza breki, yanashikwa na upepo uliobaki kwenye mtungi, ukivuja usiku kucha asubuhi tela liko huru, ukiligusa na kichwa cha gari linakukimbia. Basi nikatafuta mawe mawili makubwa nikaweka nyuma ya tairi. Tukaingia mbele chini ya tela tukaiangalia ile kingpini, kichuma kinachotokeza chini ya tela kuingia kwenye loki ya kichwa, akaipitishia kidole kuzunguka shingo yote akitafuta ufa, maana tela zima linavutwa na kile kichuma kinene kama inchi mbili tu, hakuna kingine.

Mvua ikazidi. Na hapo ndo tulipoharakisha, msimamizi wa yadi anapiga kelele tutoke apishe gari zingine, Mzee akapanda akarudi rivasi mdogo mdogo mimi namuelekeza kwa tochi, kichwa kikaingia chini ya tela nikasikia KAA! sauti ya loki kabisa. Mkono wa loki nikauona umerudi ndani. Akaingiza gia ya kwanza akavuta kidogo, tela likakaa. Akavuta tena, likakaa. Nikapiga bodi makofi mawili, tayari Mzee! nikaenda kushika hendo ya kuzungusha nianze kupandisha miguu ambayo tela linasimamia likiwa halina kichwa.

Akashuka mbio sijawahi kumuona anashuka vile. "Acha hiyo hendo! Ndani umeona?"

Nikamwambia nimesikia imeloki na mkono umerudi. Akarudia, ndani umeona? Sikuwa na jibu. Akaninyang'anya tochi akalala chali kwenye tope, shati lote, akamulika kutokea nyuma ya sahani ya kichwa, lile bamba lenye loki ambalo tela linalikalia, akakaa kimya, halafu akaniita nilale pembeni yake. Aisee. Kati ya sahani na tela kulikuwa na nafasi, vidole viwili vinapita na mwanga unatokea upande wa pili. Taya za loki zimefunga kweli lakini zimefunga chini, kingpini imekaa juu yake, imeshikilia kwa ukingo tu. Gari lililoliacha sahani yake ilikuwa juu kuliko yetu na miguu ikaachwa imelinyanyua tela, kwa hiyo lilikuwa juu mno, lilitakiwa liwe chini kidogo ili kichwa kikiingia kilinyanyue.

Kilichonitisha mpaka leo ni kwamba tulivuta mara mbili na likakaa. Ningepandisha ile miguu tungeondoka vizuri tu, tungepita mizani Kibaha, tungepita Mikumi, halafu mlima Kitonga pale kwenye kona unapovuta mzigo wote kwa gia ndogo, tela lingechomoka lirudi nyuma. Na nyuma yako Kitonga huwa kuna basi, huwa kuna basi siku zote.

Tukafungua loki, kichwa kikatoka mbele, tukaanza kushusha tela kwa hendo kwenye gia nzito, tani 30 zinashuka milimita kwa milimita, mikono ikatoka malengelenge. Msimamizi kelele, Mzee hakumjibu hata neno. Rivasi tena, safari hii kichwa kikanyanyua tela kidogo, KAA, akavuta, kisha nikalala mwenyewe kwenye tope nikamulika: taya zimekumbatia shingo ya kingpini, hata ukucha haupiti kati ya sahani na tela. Ndo tukapandisha miguu, tukaunga mipira ya upepo wa breki, mwekundu na wa njano, waya wa taa, akakanyaga breki mimi nasikiliza kama kuna upepo unavuja, nikaita taa moja moja.

Kesho yake jioni tukasimama Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima. Mzee akajilaza kidogo. Hakunituma, nilichukua tochi mwenyewe nikaingia kati ya kichwa na tela. Loki safi. Ila mpira wa njano ulikuwa unasugua kwenye chuma, umeshachubuka juu juu. Nikakata kipande cha tyubu nikauzungushia, nikaufunga juu usiguse, halafu nikaenda kumuamsha nimuoneshe.

Akaangalia, akauvuta mara moja kwa mkono, akawasha gari tukaanza kupanda.