Chagua kleti kwanza, pedali baadaye

Wengi wakinunua pedali za kubana kiatu kwa mara ya kwanza huulizia uzito wake na bei. Baada ya miezi kadhaa pedali bado nzima kabisa, lakini kleti, kile kipande kinachofungwa chini ya soli, kimelika mpaka kiatu kinayumba. Pedali nzuri yenye ekseli (mhimili wa katikati) ya chuma humaliza jozi nyingi za kleti kabla yenyewe haijachoka. Ndiyo maana ukitaka vitu vya kudumu, anza chini ya kiatu: kleti imetengenezwa kwa nini, utaitembelea kiasi gani, na ikiisha utaipata wapi nyingine.

Kwenye baiskeli za barabarani kleti zilizozoeleka ni zile kubwa za plastiki zinazofungwa kwa bolti 3. Asili yake ni Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vibanio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1984 ilileta kibanio cha namna hiyo kwenye baiskeli, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda mbio za Tour de France akitumia pedali hizo. Leo aina kuu ni Look Keo na Shimano SPD-SL. Zote mbili hukaa kwenye matundu yaleyale 3 ya soli, na hapo ndipo watu wengi hukosea: kleti ya Keo haiingii kwenye pedali ya SPD-SL, wala ile kleti ya zamani ya Look, Delta, haiingii kwenye pedali ya Keo, ingawa ukiziweka mezani zinafanana kama ndugu. Soma jina lililochongwa kwenye pedali kabla hujalipa.

Rangi za kleti nazo zina mtego wake. Rangi huonyesha kisigino kinaweza kucheza kiasi gani kabla kleti haijaachia. Kwa Shimano, nyekundu ni digrii 0, bluu ni 2, njano ni 6. Kwa Look Keo, nyeusi ni 0, kijivu ni 4.5, nyekundu ni 9. Yaani nyekundu ya Shimano imekaza kabisa, na nyekundu ya Look ndiyo inayocheza kuliko zote. Mtu akihama kutoka Look kwenda Shimano akanunua nyekundu kwa mazoea, goti lake litamwambia. Kama huna sababu maalumu, anza na njano ya Shimano au kijivu ya Look. Digrii 0 ni ya mtu aliyepimwa na kupangwa vizuri kwenye baiskeli yake, kwa sababu kleti ikiwa imepinda hata kidogo, goti halina pa kujirekebisha.

Plastiki hulika kwa sababu mbili. Kwanza ni kutembea: hatua chache kwenye lami au zege hukwangua pua ya kleti na kingo za nyuma, na pua ndiyo inayoshika pedali. Pili ni mchanga unaonasa kati ya kleti na pedali, kisha kila mzunguko ukasaga pande zote mbili. Ndiyo maana napendelea pedali yenye bamba la chuma mahali kleti inapokalia. Bila bamba, mchanga unakula mwili wa pedali, na huo haubadilishwi. Kleti za mguu wa kulia na wa kushoto hazilingani kuisha pia. Mguu unaoutua chini kila unaposimama ndio huchakaa haraka, kwa hiyo angalia ule kwanza. Vifuniko vya mpira vya kleti ni vyepesi na vinaingia mfukoni. Kila anayetembea zaidi ya hatua ishirini anapaswa kuwa navyo.

Kleti ya njano ya Shimano ina alama ya wazi: vipande vya njano vikisagika mpaka rangi ya chini ikaonekana, muda wake umekwisha. Keo ina alama yake kwenye pua. Usisubiri ianze kuachia yenyewe, maana huachia pale unaponyanyuka kwenye siti na kusukuma kwa nguvu zote, na hiyo ni ajali.

Kama safari zako zina kutembea kwingi, fikiria kleti ndogo za chuma za bolti 2, zile za SPD ambazo Shimano ilizileta mwaka 1990. Zinazama ndani ya soli ya kiatu, hazigusi ardhi sana, na chuma hudumu kuliko plastiki kwa mbali. Pedali zake nyingi zina pande mbili, kwa hiyo huhitaji kutazama chini unapoondoka. Wapo wanaosema si za barabarani. Sikubaliani nao. Kasoro yake ya kweli ni kwamba eneo la kukanyagia ni dogo, na kiatu chenye soli laini kitafanya unyayo uwake moto ukienda mbali. Dawa ni soli ngumu. Kleti ya Shimano ya SH51 huachia ukigeuza kisigino pembeni tu, SH56 huachia pande zaidi na inamfaa anayejifunza. Kampuni ya Crank Brothers hutumia kleti za shaba nyeupe, ambayo ni laini kuliko chuma: huisha mapema, lakini makusudi yake ni kleti ilike badala ya pedali.

Speedplay, aina nyingine ya pedali ambayo kampuni ya Wahoo iliinunua mwaka 2019, imegeuza mpango mzima. Kibanio na springi viko kwenye kleti, pedali ni kitufe cha mviringo kinachoingia pande zote mbili. Kisigino kinaweza kupangwa kicheze kuanzia digrii 0 hadi 15, jambo jema kwa magoti yenye historia. Ila kleti ina vipande vya chuma na springi inayochukia mchanga. Ukikanyaga tope bila vifuniko, utaisafisha kabla hujaweza kuibana tena.

Kuhusu pedali yenyewe, pesa iende kwenye beringi na ekseli. Ekseli ya titani hupunguza gramu chache na mara nyingi huja na kikomo cha uzito wa mpanda baiskeli. Mtu mzito au anayetaka kudumu achukue ya chuma. Mwili wa kaboni au wa plastiki ngumu hauna shida. Pedali za Shimano za barabarani hutumia gololi zinazofunguliwa, kusafishwa, kutiwa grisi na kukazwa upya, na hilo lina thamani kuliko kaboni yoyote. Kabla ya kununua pedali ya kampuni yoyote, uliza kama ekseli inatoka nje kwa vifaa vya kawaida na kama beringi zake zinauzwa peke yake.

Kufunga pedali. Nyuzi za ekseli karibu zote ni 9/16 ya inchi, na pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ukizielekeza vibaya kwenye krenki (mkono unaobeba pedali) ya alumini, chuma kitakata njia yake na krenki imeharibika. Safisha nyuzi, paka grisi, anza kwa vidole mizunguko kadhaa bila spana. Bila grisi, chuma na alumini hushikana kwa kutu na siku ya kufungua utahitaji bomba refu. Kaza kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 40. Pedali nyingi mpya hazina sehemu ya kushika spana ya mm 15; zinatumia alenki (ufunguo wa pembe sita) ya mm 8 kutoka nyuma ya krenki. Kanuni ya kukumbuka ni moja kwa pande zote: spana ikiwa imesimama juu, ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele unakaza, kuelekea la nyuma unalegeza.

Kufunga kleti. Chora mstari kuzunguka kleti ya zamani kwa kalamu ya wino kabla hujaitoa, hapo mpya itakaa palepale. Kama huna ya zamani, papasa juu ya kiatu utafute mfupa uliotokeza kwenye shina la dole gumba na ule wa kidole cha mwisho, weka alama kwenye kiatu, na ekseli ya pedali iangukie kati ya alama hizo mbili. Paka grisi kidogo kwenye bolti za M5, usisahau washa za chuma zinazokuja nazo, kaza kwa zamu bolti zote kidogo kidogo mpaka Nm 5 hadi 6. Kleti ikikazwa bolti moja hadi mwisho kwanza, husogea. Baada ya safari ya kwanza au ya pili, kaza tena, kwa sababu kleti hujibonyeza kwenye soli na bolti hubaki zimelegea.

Siku ya kubadilisha, toa mchanga ndani ya tundu la bolti kwa msumari kabla ya kuingiza alenki ya mm 4. Alenki isiyofika chini hulainisha tundu, na baada ya hapo ni kazi ya kutoboa kwa drili. Tone la nta ya mshumaa ndani ya tundu, mara tu baada ya kufunga, huzuia shida hiyo yote.

Springi ya pedali ianze ikiwa imelegea, kisha ongeza mkazo kwa idadi ileile ya milio ya skrubu yake kwenye pedali zote mbili. Kama umehama aina, pima upya urefu wa siti, maana unene wa pedali na kleti pamoja haulingani kati ya kampuni na kampuni. Kelele ya kukwaruza kwa kawaida ni plastiki kavu: futa, nyunyizia silikoni kidogo, futa tena.

Kwa pedali zilizotumika, kagua mambo matatu. Shika mwili wake uutikise: ukigonga, beringi zimelegea. Zungusha ekseli kwa vidole: ikisuguka kama ina chembechembe, maji yaliingia, lakini uzito laini kidogo ni wa mpira wa kuzuia maji tu. Mwisho, zungusha ekseli huku ukitazama ncha yake; ncha ikichora duara badala ya kutulia mahali pamoja, ekseli imepinda, na hiyo irudishe hata kama mengine yote ni mazima.