Nilivyopanga Funguo na Nywila za Diski za Seva Yetu Tabora

Chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia hapa Tabora kina seva moja tu, nayo hutunza majina, namba za simu, mishahara na madeni ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kutunza taarifa za namna hiyo azilinde zisifikiwe na wasiohusika, na kwa kuwa mwizi anaweza kuzichomoa diski akaondoka nazo ndani ya mkoba, nilianza kwa kuzisimba diski zenyewe, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Kusimba hakukunisumbua. Kilichohitaji kufikiriwa ni nani ashike nywila, nakala yake ikae wapi, na mtu akiondoka kazini kifanyike nini.

Nilitumia LUKS, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kusimba diski kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, na kabla ya kupanga chochote ilinibidi nielewe kwamba nywila siyo inayosimba data. Data husimbwa kwa ufunguo mkuu ambao kompyuta huutengeneza kwa nasibu. Ufunguo huo huwekwa mwanzoni mwa diski, katika sehemu iitwayo heda, ukiwa umefungwa ndani ya sloti, yaani nafasi ndogo, na kila sloti hufunguliwa kwa nywila yake. Toleo la kwanza la LUKS lina sloti 8, la pili linaruhusu hadi 32. Kwa hiyo watu wawili au watatu wanaweza kuwa na nywila tofauti zinazofungua diski ileile, na ya mmoja ikafutwa bila kugusa za wenzake. Sloti moja nikaichukua mimi, ya pili nikampa msaidizi wangu, na ya tatu nikaitengea bahasha ya ofisi, yenye nywila ya akiba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Nywila zote zilitokana na dadu. Niliandaa orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili, idadi inayolingana na matokeo yote ya dadu nne, na kila nywila ikapewa maneno manane, ambayo kwa pamoja yanavuka biti 80, kipimo cha ugumu wa kuibahatisha nywila. Mtu akiachiwa achague mwenyewe ataweka jina la mwanawe na mwaka wa kuzaliwa, hata awe msomi wa namna gani. Niliondoa maneno yanayotofautiana kwa herufi r na l peke yake, kama kura na kula, maana mtu akisomewa na mwenzake huyachanganya, na sikuweka alama zozote, kwa kuwa mpangilio wa kibodi wakati seva inawaka unaweza kuwa tofauti na ule uliozoeleka, na alama zikahama mahali pake.

Umeme ukikatika hadi betri ikaisha, seva huzima, na ikiwaka tena mtu lazima aandike nywila. Niliiacha diski ya mfumo iwake yenyewe bila nywila ili niweze kuingia kwa SSH, njia salama ya kuiendesha seva kutoka mbali, nikiwa nyumbani Isevya na kuifungua diski ya kwanza ya data. Zilizobaki hufunguliwa kwa faili za ufunguo, zinazofanya kazi ya nywila, zilizohifadhiwa ndani ya hiyo ya kwanza. Ile sehemu ya diski ambayo Linux huitumia RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inapojaa husimbwa kwa ufunguo mpya wa nasibu kila seva inapowaka. Najua udhaifu wa mpango huu: mtu akipata nafasi ya kukaa peke yake na seva anaweza kuichezea diski ya mfumo ili aidake nywila inapoandikwa. Kwa hilo tunategemea mlango na kufuli lake.

Bahasha ndiyo iliyonichukua fikra nyingi. Imo ndani ya sefu ya mhasibu, imefungwa kwa lakiri, na siku nilipomkabidhi aliigeuza mara mbili akauliza, “Mwanangu, wewe ukiugua, mimi nitajuaje kama haya maneno bado yanafanya kazi?” Swali hilo lilikuwa la haki. Nikamwambia, “Mama, tutayajaribu pamoja,” na tangu hapo kila lakiri inapobadilishwa yeye husoma na kuandika kwa mkono wake, nami natumia amri ya cryptsetup, programu ya kuendeshea LUKS, yenye --test-passphrase, ambayo huipima nywila bila kufungua diski. Sloti ya bahasha niliipunguzia pia mahitaji ya kumbukumbu. Argon2id, inayomchelewesha mwenye kubahatisha nywila, inaweza kudai hadi gigabaiti 1 ya RAM, na siku bahasha itakapohitajika huenda seva imeungua na diski ziko kwenye kompyuta ndogo ya kuazima.

Heda ikiharibika, data yote imepotea hata kama unazo nywila, kwa hiyo nakala yake, kwa kawaida mebibaiti (MiB) 16 katika LUKS ya pili, naiweka kwenye flashi iliyomo ndani ya sefu hiyohiyo. Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Msaidizi wangu alipohamia Mwanza niliifuta sloti yake, lakini nakala ya zamani ya heda bado ilikuwa na sloti hiyo, na kwa kuwa ufunguo mkuu haukuwa umebadilika, mwenye nakala hiyo na nywila ya zamani angeifungua diski kama kawaida. Nilitoa nakala mpya na kuiharibu ya zamani. Kisha, kwa kuwa alikuwa na mamlaka yote ya msimamizi na angeweza kuutoa ufunguo mkuu wenyewe, nilisimba diski upya kwa amri ya reencrypt huku wafanyakazi wakiendelea na kazi. Simshuku kijana huyo, na nilimweleza hivyo. Ningeondoka mimi, naye angefanya vilevile.

Baadaye diski moja ya data ilikufa ikiwa bado ndani ya dhamana, na muuzaji akaitaka irudishwe. Diski iliyokufa haifutiki, lakini yaliyomo ndani yake hayasomeki bila nywila au faili la ufunguo, kwa hiyo niliharibu nakala ya heda yake na faili lake la ufunguo, mhasibu akasaini daftari, tukaituma kwa basi. Mbadala wake ulipofika niliutengenezea faili jipya la ufunguo na sloti yake ya bahasha, tukaijaribu kabla ya kurudishia data.