Vinia za meno: kinachozivunja ni namna unavyouma

Watu wengi wakishabandikwa vinia, yale maganda membamba ya kufunika uso wa meno ya mbele, huuliza swali moja: nile nini, niache nini? Swali lenye faida zaidi ni hili: kitu hiki nakiuma vipi? Vinia ya kauri ina unene wa karibu nusu milimita, sawa na ukucha, nayo imeshikwa kwa gundi juu ya uso wa jino. Kuibana moja kwa moja, inavumilia sana. Kuikunja au kuivuta kutoka kwenye ncha, hapo ndipo inapomeguka. Ndiyo maana mtu anaweza kula biriani miaka nenda miaka rudi, kisha vinia ikamtoka kwa mshkaki mmoja.

Angalia mshkaki unavyoliwa. Meno ya mbele yanabana kipande cha nyama, mkono unavuta kijiti. Nguvu yote inaishia kwenye ncha ya vinia ikiisukuma nje, na huko ndiko isikokuwa na kitu cha kuiegemeza. Mahindi ya kuchoma ni mwendo ule ule: meno ya chini yanachimba punje, ya juu yanakwangua gunzi. Muwa unaomenywa kwa meno ni mbaya kupita vyote viwili. Na wanaokula miraa hulibandua gome kwa meno ya mbele, kijiti baada ya kijiti, jioni nzima. Kila kijiti peke yake si kitu. Vijiti mia ni jambo jingine.

Si lazima uviache vyakula hivi. Nyama ichomoe kwenye kijiti kwa uma au kwa kipande cha mkate. Mahindi yapukuchue kwa kidole gumba, safu moja kwanza ili nyingine zilegee, ndimu na pilipili utie kiganjani. Muwa nunua uliokwisha menywa na kukatwa, kisha utafune kwa magego. Ule muhogo wa kuchoma wa Mama Ngina, kule ufukweni Mombasa, umegue kwa mkono. Ndani ni laini, ila lile ganda lililoungua huwa gumu. Kachiri, zile krispi za muhogo, nazo ziingie kinywani kwa upande, zisianze na meno ya mbele. Embe bichi likatwe vipande vyembamba.

Kokwa zina hatari ya namna nyingine, maana hazionekani. Tende ipasue kwa vidole, utoe kokwa kabla haijafika mdomoni. Mabuyu yafyonze tu, na mbegu uziteme bila kuzipasua. Barafu ya kwenye glasi ya juisi usiitafune. Kifuniko cha soda kina kifunguo chake, na uzi una mkasi.

Kuhusu rangi, kwanza ujue ulichowekewa. Kauri yenyewe hainywi rangi kwa urahisi kwa kuwa uso wake umeng'arishwa kama kioo. Kinachobadilika ni ule mstari wa gundi karibu na ufizi, unaogeuka kahawia. Kompositi, ile inayopakwa na kukaushwa kwa taa ya buluu, hunywa rangi na huchubuka. Mwenye kompositi ajihadhari na bizari ya manjano kuliko anavyodhani. Sahani moja ya viazi vya rojo haileti neno, ila kuvila kila siku bila kusukutua huacha umanjano kwenye kingo. Tambuu ni kesi nzito zaidi: katu na popoo hutia wekundu mkavu usiotoka kwa mswaki, na popoo lenyewe ni gumu. Dawa za kung'arisha meno hazisaidii hapa. Zitayang'arisha meno ya jirani, vinia zibaki na rangi yake, na tofauti ionekane zaidi.

Kahawa tungu haina sababu ya kuachwa. Haina sukari, hivyo haiozeshi jino. Shida ni kuinywa funda funda barazani kwa saa mbili, na kashata pembeni. Kunywa vikombe vyako kwa kikao kimoja, kisha sukutua kwa maji. Halua na kashata hunata pale vinia inapokutana na jino, na hapo ndipo uozo unapoanzia. Vinia haiozi. Jino lililo nyuma yake linaoza, na likishaoza ukingoni gundi inakosa pa kushika.

Ukali wa ndimu, ukwaju na soda unafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH kinywani ikishuka chini ya 5.5 hivi (pH ni kipimo cha ukali: namba ikiwa ndogo, ukali ni mwingi), na maji ya ndimu yako chini ya 3. Juisi ya ukwaju kunywa pamoja na chakula, kwa mrija, usikae nayo mkononi mchana kutwa. Ukishaimaliza usikimbilie mswaki. Ngoja nusu saa, mate yafanye kazi yake kwanza. Dafu ni pole kuliko vyote hivyo.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji uangalifu zaidi. Kinywa hukauka mchana, mate hupungua, kisha usiku ni tende, juisi na vitamu mpaka daku. Vitamu viliwe pamoja na futari, baada yake maji matupu, na baada ya daku piga mswaki kabla ya kurudi kulala.

Mswaki uwe wa nyuzi laini. Dawa yenye mkaa au majivu huchuna mng'ao wa vinia, na uso uliochunika hushika rangi haraka. Anayetumia mswaki wa mti alainishe ncha kwa magego, si kwa meno ya mbele. Maji ya kusukutua yasiwe na alkoholi kama una kompositi.

Siku ya kubandikwa, usile mpaka ganzi iishe, kwa kawaida muda wa saa 2 hadi 4, usije ukajiuma mdomo. Ukipewa vinia za muda kabla ya zile zenyewe, hizo zimeshikwa kidogo sana: kula wali, mbaazi, samaki wa kupaka aliyetolewa miiba, na hamri lichovye kwenye chai.

Vinia ikitoka, iokote, ioshe kwa maji na uiweke kwenye kikopo safi chenye kifuniko. Usiirudishe kwa gundi ya dukani. Inaharibu upande wa ndani, na huenda daktari asiweze tena kuibandika. Jino lililobaki wazi litasikia baridi na utamu, basi tafuna upande wa pili, vinywaji viwe vuguvugu, na uende kliniki siku ile ile au kesho yake.