Niliwafukuza Utotoni, Sasa Nawatilia Maji

Kati ya umri wa miaka saba na miaka kumi na miwili, kazi yangu ya kila msimu ilikuwa kuamia mpunga. Shamba la wazazi wangu lilikuwa katika Bonde la Kilombero, upande wa Ifakara, na tangu punje zinapoanza kujaa maziwa hadi siku ya kukata, mimi na dada yangu tulikuwa tukipanda juu ya dungu kabla jua halijachomoza, tukiwa na debe bovu la kupiga, kombeo moja la kugombania, na rundo la madongo tuliyokuwa tumeyafinyanga na kuyaanika siku iliyotangulia. Adui yetu alikuwa ndege, awe anakula mpunga au hali. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kiasi ambacho kikitajwa peke yake hakimtishi mtu, lakini kundi lao huja kama moshi, na familia iliyochelewa kufika shambani asubuhi moja tu huweza kukuta mabua yamesimama na masuke yamebaki makapi.

Kwa hiyo msomaji atanielewa nikisema kwamba siku nilipomweleza mama kwa simu kuwa nanunua uwele sokoni kwa ajili ya ndege, alinyamaza muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

Miongoni mwa ndege tuliokuwa tukiwavurumishia madongo, huenda alikuwamo mnana wa Kilombero, ndege wa manjano anayeishi katika matete ya bonde lile na ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Wanasayansi walimwandika rasmi kuwa aina inayojitegemea mwaka 1990. Watu wa kingo za mto walikuwa wamekwisha kumjua siku nyingi, ila walimjua kwa jina la mwizi.

Nilianza kuwatazama ndege kwa jicho jingine nilipokuwa nikiishi Dar es Salaam, na nilianza vibaya. Nilikuwa nikitandaza ukoko wa wali juu ya ukuta wa ua nikitumaini kuwaona shomoro, na ndani ya juma moja ukuta ule ukawa baraza la kunguru. Hawa ni kunguru wa India, wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka za mji, wakavuka bahari na kuenea pwani nzima. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na ndiyo sababu mitaa mingi ya Dar ina kelele nyingi za ndege mmoja na kimya cha wengine wote. Zanzibar na Dar es Salaam zimewahi kuwatilia sumu, na Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaua milioni moja. Mimi, kwa ukoko wangu, nilikuwa nawaongezea nguvu. Jirani yangu aliyekuwa akifuga vifaranga alinijia mlangoni na kunieleza hivyo kwa maneno machache ambayo sitayaandika hapa, na alikuwa na haki.

Tulihamia Morogoro, na huu ni mwaka wa nane. Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji, na uani tuna mwembe mmoja mkubwa, mipapai mitatu, migomba inayokunywa maji ya kuoshea vyombo, na kamba ya kuanikia nguo. Sina budi kukiri mapema kwamba ndege mashuhuri wa Milima ya Uluguru hawafiki kwangu. Chozi wa Loveridge, asiyepatikana nje ya milima hiyo, ana msitu wake huko juu na hana haja na mtu wa mjini. Wangu ni ndege wa kila mtu: shore, tetere, pugi, shomoro, tongosimba, kuzumburu, chozi mwenye kifua chekundu, na wale ndege wadogo wa buluu ambao dume lao lina doa jekundu kwenye kila shavu. Daftari langu lina aina 31 zilizowahi kutua ndani ya ua wetu, nami sihesabu waliopita juu tu.

Makosa yangu ya Morogoro yalikuwa ya aina nyingine. Nilining'iniza sinia la bati kwenye tawi la mwembe na kulijaza kila nilichokuwa nacho: mkate uliobaki, wali wenye chumvi na mafuta, uwele, karanga. Mkate hushibisha ndege bila kumjenga, na chumvi humdhuru, lakini hayo niliyajua baadaye. Kilichonizindua kwanza ni panya. Chakula kilichokuwa kikidondoka chini ya mwembe mchana kiliwaita panya usiku, na kutoka chini ya mwembe hadi stoo ya mke wangu ni hatua kumi na tano. Tangu hapo nikaweka sheria ambayo sijaivunja: ukufi mmoja wa uwele au mtama asubuhi, na kisichokwisha kabla ya jioni huondolewa.

Karanga zilikuwa na kisa chao. Mwenye duka mmoja aliniuzia kwa bei ya kutupa karanga zilizokunjamana na kufanya ukungu, akisema, "Kwa ndege hizi zinafaa." Nilizibeba hadi nyumbani kabla sijajiuliza swali lililo wazi. Ukungu huo ndio unaozaa sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ndege mwenye uzito wa gramu chache hana ini la kuihimili sumu inayomlaza mtu mzima. Nilizifukia. Nafaka isiyofaa kuingia katika chungu changu haiingii katika sinia lao.

Kisha akaja tetere mgonjwa. Nilimkuta asubuhi moja chini ya mwembe, amejikunyata, manyoya yamemsimama, anameza mate kama mtu mwenye donda la koo, wala hakuruka nilipomkaribia. Jioni alikuwa amekufa. Mahali wanapokusanyika ndege wengi kula katika chombo kimoja, maradhi hupita kwa mate na kwa kinyesi, na sinia langu lilikuwa halijasuguliwa tangu lilipotundikwa. Niliacha kulisha kwa wiki mbili ili kundi litawanyike, nikalisugua sinia kwa sabuni, nikaliloweka katika maji yenye sehemu moja ya dawa ya klorini kwa sehemu tisa za maji, nikalisuuza na kulianika juani hadi likakauka kabisa. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kila Jumamosi, na brashi yake ina msumari wake nyuma ya mlango, mbali na vyombo vya jikoni.

Ushauri mwingi unaopatikana kwenye intaneti kuhusu kulisha ndege umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwao una mantiki: theluji ikifunika ardhi, ndege mdogo asiyehama huweza kufa kwa usiku mmoja wa baridi akikosa chakula chenye mafuta. Mbayuwayu huikimbia baridi hiyo na kuja kujipanga kwenye nyaya zetu za umeme kuanzia Septemba, naye ndiye tuliyemsingizia ule msemo wa akili za kuambiwa, changanya na zako. Mimi nilichelewa kuchanganya. Nilitafuta hadi vipande vya mafuta ya ng'ombe kama walivyoagiza wa huko, vikayeyuka juani na kuwaita sisimizi, huku ndege wa uani wakiwa na shida nyingine kabisa ambayo nilikuwa naipita kila siku bila kuiona.

Shida yenyewe ilikuwa maji. Masika yakishapita, kuanzia Juni hadi Oktoba, mitaro hukauka, majani hupauka, na ndege anayekula mbegu kavu kutwa nzima lazima apate mahali pa kunywa. Niliigundua siku nilipowaona tongosimba saba wakigombania tone lililokuwa likining'inia kwenye bomba la nje. Jioni hiyo nilichukua kitako cha mtungi uliopasuka, nikakiweka juu ya matofali matatu mahali pa wazi ambapo paka hawezi kujificha, nikatia maji ya kina cha pingili moja ya kidole na jiwe katikati ili mdogo apate pa kusimama. Juu yake nikatundika dumu la lita 5 lililotobolewa kwa sindano, likawa linadondosha tone moja baada ya jingine. Tone hilo ndilo siri yote. Maji yaliyotulia ndege huweza kuyapita, lakini maji yanayodondoka huyasikia na kuyaona yakimetameta, na kabla ya saa tano asubuhi ya siku iliyofuata nilikuwa nimeona ndege wa aina nyingi kuliko nilizoziona katika mwezi mzima wa sinia.

Mke wangu aliuliza kuhusu mbu, na swali lake lilikuwa la msingi. Yai la mbu huhitaji siku kadhaa, kwa kawaida wiki moja au zaidi, hadi atoke mbu anayeruka, kwa hiyo maji yanayomwagwa na kigae kinachosuguliwa kila asubuhi hakiwezi kuwazaa. Mwanangu wa pili ndiye mwenye zamu hiyo, na hukaguliwa.

Shore huoga kama mtu aliyechelewa kazini: huingia, hupiga mbawa mara nne au tano hadi maji yanaruka nje ya kigae, hutoka, hurudi tena kana kwamba amesahau kitu. Tongosimba hawaogi peke yao. Hushuka wote pamoja, hunywa, kisha hupanda kwenye kamba ya nguo na kubanana bega kwa bega, kumi au kumi na wawili, kila mmoja akimchambua mwenzake manyoya ya shingo, na yule wa mwisho akianza kuona baridi huruka na kujipenyeza katikati, mstari mzima ukasogea. Nimewahi kuacha chai ikapoa nikiwatazama.

Kuzumburu ndio wanaoleta ugomvi wa nyumbani. Ni ndege wa kijivujivu wenye kishungi na mkia mrefu kuliko mwili, jamii ya aina sita tu duniani, zote za Afrika, na miguu yao imeumbwa kwa namna ambayo huweza kugeuza vidole na kuning'inia kifua kikielekea jua kama nguo zilizoanikwa. Wao hula mapapai. Huanza na tundu dogo ubavuni, na wakishaliacha huja shore, kisha nyuki. Tulifikia mapatano kwamba papai la juu kabisa, ambalo hata kwa ngazi silifikii vizuri, ni lao, na mengine tunayavuna yangali na mstari wa kwanza wa manjano.

Kwa ajili ya chozi niliwahi kutundika chupa ya maji ya sukari, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, bila rangi wala asali. Walikuja, lakini nyuki walikuja zaidi, na katika joto la Morogoro maji hayo huchacha upesi. Nikaiondoa chupa na kupanda mishubiri kando ya ukuta. Hata ua la mgomba, ambalo nilikuwa nalikata mapema, sasa naliacha muda zaidi, kwa sababu kila asubuhi chozi dume huja kuling'ang'ania kichwa chini, akidumbukiza mdomo wake uliopinda katika kila kijiua kilichofunuka usiku.

Mama alikuja mwezi wa Agosti, baada ya kuvuna, na gunia la mchele. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama mlangoni pa uani, mikono kiunoni. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka, kisha akasema, "Baba, hivi ni kweli. Nilidhani umeniambia mzaha." Tongosimba walikuwa chini ya mwembe. Bila kufikiri aliinua mkono na kupiga ukelele ule ule wa juu ya dungu, nao wote wakaruka kwa mkupuo mmoja, na sote wawili tukacheka hadi akalazimika kukaa.

Siku zilizofuata alinifundisha mengi ambayo programu ya simu yangu haiyajui. Alinionyesha kwamba sauti niliyoiandika kuwa ya ndege mmoja ni ya tiva wawili, dume na jike, wakipokezana kwa haraka kiasi kwamba sikio haliwatenganishi. Alisema dudumizi akilia mfululizo mchana, nianue nguo. Mvua haikunyesha, akasema dudumizi wa mjini wameharibika. Siku ya tano alikuwa kwenye mkeka akipeta mchele, na nilimwona akikusanya chenga katika kiganja, akitazama huku na huku kama anayeogopa kuonekana, akazirusha chini ya mwembe. Sikusema kitu.

Amekwisha rudi Ifakara, na msimu wa kuamia ukifika atalipa vijana wapande dungu kama kila mwaka, jambo ambalo silioni kuwa na kosa lolote. Akipiga simu Jumapili huuliza kwanza habari za wajukuu, kisha za mke wangu, kisha kama wale wezi wangu wamekunywa maji. Juzi nilimjibu kwamba tundu la dumu limeziba kwa chumvichumvi, na akaniagiza nilizibue kwa mwiba wa mchongoma, kwa kuwa sindano hulipanua.