Kifungo cha kaka alikitumikia wifi yangu

Nimerudi Wete, Pemba, kutoka Muscat, na kila anayenipokea ananipa hongera kwamba kaka yangu ameshinda kesi. Alikamatwa mimi nikiwa nimeshaondoka, akapelekwa Bara kwa mashitaka yasiyo na dhamana, na kwa miaka kesi yake ikawa inatajwa na kuahirishwa kwa maneno yale yale, kwamba upelelezi haujakamilika, mpaka mashitaka yakaondolewa bila ya shahidi hata mmoja kusimama. Hakushinda. Hakuna hakimu aliyetamka kuwa hana hatia, na kuondolewa mashitaka kwa namna hiyo hakumkingi mtu na kushitakiwa upya.

Lakini kilichonitikisa zaidi ni wifi yangu. Nilimwacha na mikarafuu aliyorithi kwa baba yake huko Mtambwe, na msimu ukifika ua wake hujaa majamvi ya karafuu na wanawake wanaochambua. Leo mikarafuu ile ina mwenyewe mwingine, na wifi yangu huchambua karafuu za watu kwa ujira, vidole vimekoza rangi ya makonyo, vile vijiti vya karafuu. Katika kopo la maziwa ameweka tiketi zake zote: meli ya Wete hadi Unguja, boti ya Dar es Salaam, na kurudi, safari baada ya safari, amebeba pweza mkavu na nguo zilizofuliwa, ili amwone mumewe kwa dakika chache. Jamaa walimshauri aende kwa Kadhi kudai faskhi, yaani ndoa ivunjwe, kwa kuwa mume hayupo na matumizi hapati. Haki hiyo anayo, wala nisingemlaumu. Alikataa, na nilipomuuliza sababu alinijibu, "Wifi, mtu ameshadhulumiwa na wengine, na mimi nimzidishie?"

Visiwa hivi si vigeni kwa mambo haya. Wanachama 18 wa CUF, chama kilichokuwa cha upinzani, walishitakiwa kwa uhaini, wa kwanza wakikamatwa Novemba 1997, na wakaachiwa Novemba 2000, mwaka ambao Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa kuwa si dola kamili. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, nao waliachiwa Juni 2021, mashitaka ya ugaidi yalipoondolewa. Waliotoka tuliwapokea kwa takbiri, na ilistahiki. Waliouza mali zao wakiwangoja hatukuwauliza kitu.

Kwa hiyo nyinyi mlio Muscat, Dubai na London, mkija kumpongeza aliyeachiwa, halua yenu iacheni. Muulizeni mke anadaiwa nini na nani, na mkilipa, mlipe kwa jina lake. Sisi tumeshazungumza na aliyenunua mikarafuu ya Mtambwe. Anataka bei ya leo, na tutamlipa, kisha hati itaandikwa jina la wifi yangu peke yake.