Uzoefu wangu: kuukataza mwili mazoea yake mtoni

Kupiga kafi nilijua mapema. Kilichonichukua muda ni kuukataza mwili usifanye unachotaka. Mkondo ukikusukuma kwenye mwamba, mwili hutaka kuukimbia mwamba, nawe unaegemea kule maji yanakotoka. Ubavu wa upande huo unashuka, maji yanaingia kwa nguvu, na kufumba na kufumbua mtumbwi umejaa, umebanwa, na una uzito wa mamia ya kilo. Dawa ni kuegemea mwamba wenyewe, hata kuukumbatia. Ubavu unaopokea maji huinuka, mkondo hupita chini, nami nasogeza mtumbwi kwa mkono taratibu mpaka uchomoke. Hili nililirudia mara nyingi kwenye maji ya magotini, maana siku yenyewe hakuna nafasi ya kufikiri.

Nafuu zaidi ni kutofika mwambani. Maji yakichora umbo la V lenye ncha inayoelekea mto unakokwenda, hapo ndipo penye njia, kati ya mawe mawili. Ncha ikitazama mto unakotoka, chini yake pana jiwe. Nikiona mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na mbele yake mto hauonekani kwa kuwa unaporomoka, nashuka na kubeba mtumbwi nchi kavu. Hata ukuta mfupi wa kuzuia maji siuchezei: maji yaliyoanguka hurudi nyuma kuelekea ukutani, na aliyemo huzungushwa papo hapo.

Kuvuka, omo, yaani sehemu ya mbele ya mtumbwi, hutazama kule mkondo unakotoka, limeinama kiasi cha nyuzi 30 upande ninaokwenda, huku napiga kafi mbele. Pembe ikizidi, mkondo hulishika omo na kukugeuza. Mkondo ukiwa mkali zaidi, naipunguza pembe. Nikitoka kwenye maji tuli nyuma ya jiwe, naegemea upande mkondo unakoelekea; nikisahau, napinduka palepale.

Jaketi la kuokoa maisha nalikaza mikanda kabla ya kugusa maji, kisha mwenzangu analivuta mabegani kwenda juu. Likinifika masikioni, bado limelegea. Kwenye kayaki yenye sketi, yaani kitambaa cha kiunoni kinachofunika tundu la kukalia ili maji yasiingie, kile kitanzi cha mbele cha kuifungulia lazima kining'inie nje; nakivuta mara moja kabla ya kuondoka, kwa sababu kikibaki ndani, ukiwa kichwa chini ndani ya maji hutakipata. Kamba ya kumrushia aliyeanguka majini, ya mita 15 hadi 20, hukaa ndani ya mfuko wake. Kamba iliyozagaa ndani ya mtumbwi ni mtego, na kujifunga nayo mwilini ni kosa kubwa.

Ukianguka, kaa upande wa mtumbwi mkondo unakotoka, usije ukakubana kwenye jiwe. Lala chali, miguu ikitangulia, vidole vionekane juu ya maji. Tamaa ya kusimama ni kali, lakini unyayo ukinasa kati ya mawe, mkondo hukusukuma kifudifudi na kichwa kinazama, hata kina kikiwa cha kiunoni. Mimi sisimami mpaka makalio yaguse chini.

Mti ulioanguka mtoni una kanuni yake peke yake. Matawi huchuja maji na kuzuia mtu. Ikishindikana kuukwepa, geuka kifudifudi, uogelee kuuelekea kwa nguvu zote, kichwa mbele, na ujivute juu ya shina kabla mkondo haujakuingiza chini yake.