Shotikati kwenye flashi ya katibu wa AMCOS

Minada ya korosho ikianza, duka langu la steshenari hapa Masasi halina pa kukanyaga. Katibu wa AMCOS moja ya jirani, yaani chama cha ushirika cha wakulima, alikuja na flashi yenye majina ya wakulima na kilo walizopeleka ghalani, achapishiwe. Kuifungua, mafolda yote yamegeuka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato tu, kila moja na kimshale pembeni.

"Mwanangu, humo mna jasho la watu," akaniambia. Kuna mtu alishamshauri aifomati, yaani afute kila kitu ndani yake.

"Mzee, hilo usikubali kabisa."

Niliangalia nafasi iliyotumika: flashi ilikuwa karibu kujaa, na shotikati hazina uzito huo. Mafaili yalikuwepo. Kirusi cha aina hii huyaficha tu, kisha huweka shotikati mahali pake ili anayebofya akiamshe chenyewe.

Wengi hukimbilia flashi kwanza. Ila kompyuta ikiwa imeshaambukizwa, na yangu wateja wanaichomekea kutwa nzima na kubofya wenyewe, ukisafisha flashi shotikati zinarudi papo hapo. Nikaichomoa, nikazima intaneti, nikafungua Task Manager, inayoonyesha programu zinazokimbia. Nikaona wscript.exe inakimbia ilhali sijafungua chochote. Hiyo ni programu halali ya Windows ya kuendeshea skripti, na kirusi kilikuwa kinajificha nyuma yake. Nikaisimamisha. Kwenye Run (Windows+R) nikaandika shell:startup, likafunguka folda la vitu vinavyojiwasha na kompyuta, nikakuta faili la skripti, .vbs, lenye jina lisilosomeka. Nikalifuta pamoja na nakala yake ndani ya AppData, folda lililofichwa la data za programu. Halafu nikaendesha Microsoft Defender Offline, ambayo huwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijapanda. Inachukua kama dakika 15, na foleni ilinung'unika, lakini hatua hii siiruki.

Ndipo nikarudisha flashi, bila kubofya kitu ndani yake. Kwenye Command Prompt nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hii huondoa alama za kuficha mafaili. E ni herufi ya flashi. Kwako inaweza kuwa nyingine. Mafolda yakaibuka moja baada ya jingine. Nikafuta shotikati zote na .vbs iliyobaki, nikahifadhi nakala ya orodha, nikaichapa. Mzee akapitisha kidole jina kwa jina hadi mwisho, akaelekea ghalani.

Mimi nikashika simu kuwatafuta wateja waliochomeka flashi zao siku ile, walete nizikague bure.